Maziwa ya Dalanda na Kidonge cha Alfajiri

Hebu niambie wewe unayesoma: ukiamka asubuhi, ni kitu gani cha kwanza kinachopita kooni mwako? Chai ya rangi? Uji? Au kiporo cha jana ulichokivizia tangu usiku?

Kwa Dalanda ilikuwa maziwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na asubuhi zote alizozikumbuka zilianza kwa maziwa yenye joto la ng'ombe mwenyewe. Ukungu ungali umelala juu ya milima ya Futa, huwezi kumwona jirani ng'ambo ya ugo, Bibi Kesso alikuwa tayari anatoka zizini, shali imemfunika hadi masikioni, kibuyu amekishika kwa mikono miwili.

"Mwenye ng'ombe yuko wapi?" aliita.

"Nipo, Bibi."

"Umeamka salama?"

"Salama."

"Baridi haikukuuma?"

"Haikuniuma, Bibi."

"Basi kunywa. Wune anakusalimia."

Wune alikuwa ng'ombe mwekundu, mwenye pembe ndefu na macho ya upole. Mama yake Wune alitolewa zawadi kwa Dalanda siku aliponyolewa nywele za utoto na kuitwa jina, kwa hiyo Wune na kila tone la maziwa yake ni mali ya Dalanda. Baba na mama walikuwa Dakar kwenye biashara ya vitambaa, na Dalanda alikaa na bibi yake katika kijiji cha Hore-Fello. Bibi Kesso alikuwa na desturi yake asiyoivunja: maziwa ya kwanza ya asubuhi hayagandishwi, hayauzwi, wala hapewi mgeni, mpaka mwenye ng'ombe ayanywe. Kwake yeye, hiyo ilikuwa namna ya kumwambia mjukuu wake kwamba anampenda, kwa sababu neno hilo lenyewe hakuna mtu Hore-Fello aliyelitamka mchana kweupe. Wangemcheka.

Sasa basi. Tangu msimu wa mvua uliopita, Dalanda alianza kubadilika. Baridi, ambayo si kweli kwamba haikumuuma, ilimuuma hata jua likiwa utosini. Uso ulivimba kidogo, ngozi ikakauka ikawa kama gome, na usingizi ukamfuata darasani hadi mwalimu akamhamishia dawati la mbele. Kubwa kuliko yote, sauti ilimharibikia. Ile sauti nyembamba iliyokuwa ikipanda juu ya sauti za wenzake ikawa nzito, ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta chungu kwenye changarawe.

Wasichana wa rika lake hawakumwonea huruma. "Chura wetu amekohoa, mvua inakuja!" walisema, na Dalanda alicheka nao, kisha akaenda kulia nyuma ya zizi.

Alilia kwa sababu alikuwa na jambo lake moja moyoni. Kila mvua zikianza, wasichana wa rika moja hukusanyika kwa ujima, wakapalilia bustani ya mama mmoja leo na ya mwingine kesho. Hujipanga mstari mmoja na majembe yao, na mbele yao husimama msichana mmoja anayeanzisha wimbo; wengine huitikia na kupiga jembe kwa mwendo anaoutaka yeye. Aliyekuwa akiongoza, Yaraye, alikuwa ameshaolewa mjini Labe. Mvua zijazo angehitajika mwingine. Dalanda alitaka awe yeye. Alitaka jambo hilo kuliko nguo ya sikukuu. Lakini hakumwambia mtu, kwa maana kwetu msichana mwenye haya hajitaji. Hungoja atajwe.

Bibi Kesso alimpapasa shingo akitafuta rovu, kama lile lililomsumbua dada yake zamani, asilione. Akampeleka hospitali ya mjini. Wakachukua damu, na Daktari Sadio, mwanamume mrefu mwenye sauti ya taratibu, akawaeleza.

"Hapa mbele ya shingo pana tezi," alisema. "Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kitu kinachouambia mwili uende kasi gani. Ya Dalanda imechoka, kwa hiyo mwili mzima unakwenda pole pole. Tutampa homoni hiyo kwa kidonge."

"Mpaka lini?" Bibi aliuliza.

"Siku zote, mama. Hiki si kama kidonge cha malaria, umeze umalize. Kinafanya kazi ambayo tezi haiwezi. Ukikiacha, kazi inalala."

Kisha Bibi akatoka nje, maana alimsikia mwanamke akinadi chumvi kwa bei iliyomtia hasira. Huko nje akabaki kubishana. Na ndipo nesi, alipokuwa akimkabidhi Dalanda kifuko cha vidonge, alipomwambia jambo muhimu kuliko yote.

"Sikiliza vizuri, mdogo wangu. Alfajiri, tumbo likiwa tupu, unameza kwa maji matupu. Halafu unangoja. Fagia uwanja, chota maji, oga, ndipo ule. Na maziwa usiyaguse asubuhi. Yaache mpaka mchana. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Utamwambia bibi yako?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia.

Msimlaumu upesi. Alijaribu. Asubuhi ya kwanza alichukua kikombe cha maji, na Bibi Kesso akamkuta nacho.

"We Dalanda! Maji baridi kwenye tumbo tupu, na ukungu huu? Unataka kuniletea msiba? Mwaga hayo! Dawa inauma tumbo, inataka kitu laini cha kulalia. Kunywa maziwa!" Na kibuyu kile hapo, kinatoa mvuke, na uso wa bibi yake juu yake umejaa furaha.

Ungekuwa wewe ungesemaje? Dalanda aliona haya. Akaweka kidonge ulimini, akakisukuma kwa maziwa ya Wune. Akajiambia, kesho nitasema. Kesho ikaja na kibuyu chake, na keshokutwa hali kadhalika.

Wiki zikapita, akawa vilevile, mzito, wa baridi, na sauti ya chungu. Rafiki yake Salematu, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alimuuliza wakiwa kisimani, "Hivyo vidonge vyako havijaisha tu?"

"Haviishi. Nitameza mpaka niwe bibi."

"Mpaka uwe bibi! Basi jino likikutoka itabidi uvitafune kwa ufizi!" Salematu alicheka hadi ndoo ikamtoka. "Lakini mbona havikusaidii? Au unavitema?"

"Sivitemi!"

"Haya, haya, chura, usinirukie."

Dalanda aliporudi na bibi yake hospitali kupimwa damu, Daktari Sadio aliangalia majibu akakunja uso.

"Haijabadilika. Dalanda, unameza dawa?"

"Ndiyo, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kila siku, mbele ya macho yangu haya," Bibi Kesso aliongezea, amekaa wima kama mtu aliyeitwa kwenye baraza.

Daktari alimtazama Dalanda. Dalanda alitazama vidole vyake vya miguu. Neno lilikuwa hapo hapo, nyuma ya meno. Lakini kulitoa mbele ya bibi yake kungekuwa sawa na kusema, Bibi, umekuwa ukiniumiza. Akalimeza pamoja na mate.

"Basi dozi ilikuwa ndogo," daktari alisema. "Tutaongeza. Na kama hii nayo haitasaidia, itabidi aende Konakri akapimwe zaidi, pengine akae huko kwa muda."

Konakri! Na mvua zinakaribia! Usiku huo Dalanda alifikiri mpaka akapata alichokiona kuwa ni ujanja mkubwa. Hatamkosea bibi yake, wala hatayanywa maziwa.

Kuanzia hapo aliamka kabla ya Bibi, akameza kidonge kwa maji matupu gizani, mtungi usilie. Bibi alipoleta kibuyu, Dalanda alikipokea kwa adabu, akaelekea nacho nyuma ya jiko, eti anakwenda kuota moto. Nyuma ya jiko palikuwa na paka. Alikuwa paka wa watu wote, mwembamba, sikio moja limeraruka, na hajawahi kupewa kitu na mtu tangu azaliwe. Asubuhi ya kwanza alimtazama Dalanda kama anayedhani ni mtego. Asubuhi ya pili alikuwa amefika kabla yake.

Na, jamani, ilifanya kazi! Siku zilivyosonga, uvimbe ulishuka usoni. Aliacha kuvaa sweta mchana. Siku moja alikuwa akipepeta fonio, ile nafaka ndogo kama mchanga, peke yake, akaanza kuimba bila kufikiri, na sauti ikapanda yenyewe, ikapita juu ya ugo. Akanyamaza kwa mshtuko. Akajaribu tena. Ikapanda tena! Alicheka peke yake, ungo mkononi, fonio inamwagika na kuku wanasherehekea.

"Nani huyo anaimba?" Bibi aliuliza kutoka ndani.

"Ni redio ya jirani, Bibi."

Unaona? Ukishaficha jambo moja, unaficha na la pili, hata kama la pili ni zuri.

Lakini mwili haukuishia hapo. Ulipofika mwendo mzuri, ukaupita. Dalanda alianza kutokwa jasho wakati wengine wamejifunika. Usiku hakulala. Darasani kalamu ilimtetemeka mkononi hadi mistari yake ikawa kama njia ya mchwa. Alimaliza kufagia uwanja kabla Bibi hajapata fagio la pili kumsaidia, akaufagia tena. Salematu alipomtania kidogo tu, alimfokea hadi mwenzake akarudi nyuma.

"Mwenzetu, jana ulikuwa konokono, leo umekuwa nyigu," Salematu alisema, naye hakucheka.

Bibi Kesso pia alikuwa na jambo lililomshangaza. "Yule paka wa nyuma ya jiko," alisema jioni moja, "nadhani ana mimba. Tumbo lile!"

"Ni dume, Bibi," Dalanda alijibu, kisha akajiuma ulimi.

"Dume? Basi anakula kwa nani?"

Jibu lilipatikana kesho yake. Bibi Kesso alikuwa amesahau kamba ya ndama, akapita nyuma ya jiko kuichukua. Akamkuta Dalanda amechuchumaa na kibuyu, na paka, mkia juu, ndevu nyeupe kwa maziwa ya Wune.

Dalanda aliruka. Mikono, ambayo tayari ilikuwa ikitetemeka, ikakiachia kibuyu. Maziwa yakamwagika, yakatambaa majivuni. Kwetu, ukimwaga maziwa kwa bahati mbaya, unachovya kidole unagusa kipaji cha uso ukiomba radhi. Dalanda hakuweza hata hilo. Alisimama tu.

"Maziwa yako," Bibi alisema taratibu. "Unampa paka. Kumbe yamekuchosha? Mimi nimekuchosha?"

"Hapana, Bibi!"

"Basi sema..." Hapo Bibi Kesso akaiona ile mikono. Hasira ikamtoka mara moja. Akamvuta mjukuu wake karibu, akaweka kiganja kifuani pake. "Mungu wangu. Moyo wako unakimbizana na nani?"

Dalanda akapasuka kwa kilio, na pamoja na kilio yakatoka yote: nesi, maji matupu, maziwa mpaka mchana, alfajiri za gizani, redio ya jirani.

"Nesi alisema hayo lini?"

"Siku ile ya kwanza."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa nje, Bibi. Unagombana na muuza chumvi."

Bibi Kesso hakungoja zaidi. Alijifunga kanga kiunoni, akaita kijana mwenye pikipiki, na kabla umande haujakauka walikuwa njiani kwenda hospitali, Dalanda katikati kama mkate ndani ya kifuko.

Daktari Sadio alisikiliza moyo, akapima, akasikiliza na maelezo. Dalanda aliyatoa mwenyewe mara hii, huku bibi yake amemshika bega. Daktari aliweka kifaa chake mezani.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Maziwa yanakikamata kidonge tumboni, kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu. Mimi nikaona damu haibadiliki, nikadhani dozi haitoshi, nikaongeza. Wewe nawe ukaacha maziwa bila kuniambia. Ile dozi kubwa yote ikaingia. Ndiyo maana moyo unakimbia."

"Nimemharibu mtoto wangu kwa maziwa," Bibi alinong'ona.

"Hujamharibu, mama. Maziwa ni chakula kizuri. Yanataka tu saa yake. Na mimi nilipaswa kuuliza anameza na nini, sikuuliza." Akamgeukia Dalanda. "Moyo utatulia. Nitakuambia siku ya kuanza tena, kwa dozi ile ya kwanza, kwa maji. Usipunguze, usiongeze, usiache bila kuniambia, hata ukijisikia mzima kama swala. Na damu tutaipima tena, mara kwa mara, miaka yote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Konakri je?"

"Konakri ukafanye nini? Dawa yako iko hapa."

Nje, Bibi Kesso alikaa kwenye benchi la kusubiria, akamkalisha Dalanda kando yake. 

"Dalanda, sisi tunawafundisha watoto kuona haya. Usiombe, usilalamike, usimkatalie mkubwa. Ni malezi mazuri, hata mimi nililelewa hivyo. Lakini haya ni ya kukufanya uwaheshimu watu. Si ya kukutia ugonjwa. Ukimficha daktari, anamtibu mtu mwingine asiyekuwa wewe. Ukinificha mimi, nakupikia sumu huku nacheka. Dawa ya maisha inataka vitu viwili, kuimeza vizuri kila siku na kusema ukweli kila siku. Kimoja peke yake hakitoshi."

"Nilidhani utaumia, Bibi."

"Ningeumia, ndiyo. Mpaka chakula cha mchana. Halafu ningepona." Akacheka kwa ghafla, mabega yakimtikisika. "Na paka yule! Miezi mizima mimi nauza maziwa ya mgando kwa wageni, yeye anakunywa maziwa ya kwanza kama mtoto wa chifu!"

Siku ile daktari aliyoitaja ilipofika, mambo yakapata mpango mpya. Bibi Kesso akiamka kuswali alfajiri, aliweka kikombe cha maji kando ya kitanda cha Dalanda. Dalanda alimeza, akafagia, akachota maji, ndipo akala viazi vya kuchemsha kabla ya shule. Maziwa ya Wune yalimngoja mchana, yamefunikwa kwa kawa jikoni, na mwenye ng'ombe aliyanywa akirudi, wa kwanza kama kawaida. Wune hakulalamika. Paka alilalamika kwa wiki nzima.

Mvua zikaanza. Damu ilipopimwa tena, Daktari Sadio alitabasamu, wala hakuongeza wala kupunguza kitu.

Siku ya ujima kwenye bustani ya Bibi Kesso, wasichana walifika na majembe, matope hadi magotini, kelele hadi mawinguni. Lachiri, zile chenga za mahindi, ilikuwa tayari inatokota kwa mvuke, na vibuyu vya mgando vimepangwa kivulini. Mpiga filimbi alikuwa ameanza kujaribu pumzi yake. Shangazi Hulematu, mkubwa wa akina mama waliokuja kusaidia kupika, akapiga makofi.

"Jipangeni! Yaraye hayupo. Nani atasimama mbele?"

Hapo kelele zote zikaisha. Wasichana wakatazama majembe yao, kama ilivyo desturi.

"Salematu," mmoja alisema.

"Mimi? Sauti yangu na ya mbuzi ni ndugu," Salematu alisema. "Mwiteni Kadija."

"Si mimi," Kadija alisema, akijificha nyuma ya mwenzake.

Wakasukumana, wakacheka kichinichini, kila mmoja akimtaja mwingine. Jina la Dalanda halikutajwa. Walikuwa wakiikumbuka ile sauti ya chungu na changarawe, na kwamba ile ya zamani imerudi hawakujua, maana hakuwa ameimba mbele yao. Redio ya jirani ndiyo iliyopata sifa zake. Dalanda alingoja. Moyo ulimdunda, lakini kwa mwendo wake wa kawaida, na mikono ilishika mpini bila kutetemeka. Akamtazama bibi yake. Bibi Kesso alikuwa amemtazama muda mrefu, kijiko mkononi, na hakumsaidia kwa neno hata moja.

"Basi kama hakuna," Shangazi Hulematu alisema, "nitachagua mwenyewe. Salematu, pita..."

"Shangazi."

Wote wakageuka. Dalanda alitoka kwenye mstari, hatua moja kwenye udongo laini, uso umemwiva kwa haya, macho hayakushuka.

"Mimi," alisema. "Nataka kuongoza wimbo mimi."